Kifungu Kilirudi na Miaka Yake

Kituoni, 2 Februari

Mume wangu Mkato,

Salamu kwako na kwa mama. Mwambie ile dawa ya magoti asiipake karibu na jiko, harufu yake nainusa hata huku mlimani.

Waraka umefika leo na lori la mahitaji. Karatasi moja, wala haijakunjwa vizuri. Waraka unasema Bunge limefuta kifungu cha kumi na nne cha Sheria ya Mito, kwa hiyo vituo vya tahadhari havina fungu tena. Mwaka wa fedha ukiisha mwezi wa sita nifunge mlango, nimkabidhi dereva wa lori funguo, redio na king'ora. Bahasha ilikuwa wazi, dereva ameshausoma njiani, akanipa pole kama mtu aliyefiwa.

Basi ndiyo hivyo. Niliteremka kwenye nguzo nikasoma kina cha maji, nikakitangaza redioni, na kituo kinachonifuata kikaitikia "tumepokea". Mto wenyewe hauna habari. Nawafikiria watu wa bondeni, maana mashamba yao yako ukingoni kabisa, na kabla ya king'ora hiki walikuwa wanaamshwa na maji yenyewe.

Wewe unayekaa na waheshimiwa ukiwaandikia miswada yao, hakuna linaloweza kufanyika? Nauliza tu. Usijiumize kichwa.

Mkeo


Kituoni, 2 Februari

Wifi yangu wa cherehani, shikamoo.

Hii ni ya macho yako peke yako. Ukimaliza kuisoma, ikate iwe kiolezo cha kola.

Wanafunga kituo, wifi. Mwezi wa sita narudi nyumbani. Nilipousoma waraka mbele ya dereva nilivaa uso wa msiba. Alipoondoka nikaingia ndani nikacheka peke yangu mpaka nikakaa sakafuni. Halafu aibu ikanishika, kwa sababu kule chini kuna watu wanalala usingizi wao kwa kunitegemea mimi, na mimi huku nacheka.

Nimechoka. Sijawahi kumwambia mtu. Nimechoka kupika chakula cha mtu mmoja, kinazidi kila siku. Simu hazishiki huku, redio ni ya vipimo tu na kila kituo kinasikiliza, kwa hiyo maneno yote yanayotoka mdomoni mwangu kutwa nzima ni tarakimu. Juzi nimeigonga sufuria kwa kiwiko nikaiambia samahani.

Mdogo wako, mume wangu, simwambii. Ofisi nzima ya maji ilipokuwa inacheka kwamba mwanamke hawezi kukaa mlimani peke yake, yeye ndiye aliyenipa moyo niombe. Na ile siku tuliyogombana jikoni kabla sijaondoka, nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba kazi hii ndiyo mimi, asiponitaka nayo basi hanitaki. Sasa nianzie wapi kumwambia kwamba nataka tu kurudi nikae naye, nimsikie akibishana na redio wakati wa taarifa ya habari? Ataona nimeshindwa. Afadhali sheria initoe. Sheria ikinitoa, hakuna aliyeshindwa.

Nimemwandikia barua ya huzuni kidogo, na mwisho nikachomeka kaswali, hakuna linaloweza kufanyika, ili nisionekane nafurahi. Atajibu pole, yataisha. Wewe funga mdomo, tena uape.

Wifi yako


Mjini, 20 Februari

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, begi likiwa bado begani. Umeuliza kama kuna linaloweza kufanyika. Lipo.

Kifungu chako hakikufutwa kwa mjadala. Kiliingizwa kwenye mswada wa marekebisho mchanganyiko, ule wa kufagia vitu vidogo vidogo mwishoni mwa kikao, wakati mimi niko likizo namuuguza mama. Mistari miwili tu. Hakuna mheshimiwa aliyeinua kichwa. Sasa mswada mwingine wa namna hiyo unaingia mwezi wa tano, na palipopita mistari miwili ya kufuta patapita mistari miwili ya kurudisha.

Ila lazima iandikwe vizuri. Watu hudhani ukiifuta ile amri ya kufuta, kilichofutwa kitafufuka chenyewe. Hakifufuki. Ukikitaka, lazima useme kwa maneno kwamba kinarudi, na kinarudi kikiwa namna gani. Hapo ndipo wenzangu wengi huteleza.

Nimeshampata wa kuibeba hoja. Ni yule mheshimiwa wa bondeni, anayesinzia kamatini. Nilimwambia wapigakura wake ndio hao wanaolala chini ya king'ora chako, na tangu siku hiyo hajasinzia.

Usifungashe chochote. Mama anakusalimu, anasema umekonda, ingawa hajakuona.

Wako,
Mkato


Mjini, 21 Februari

Dada, shikamoo.

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine, na kwa sababu hukuweza kunitunzia siri yoyote tulipokuwa wadogo, kwa hiyo una deni. Hii uitunze.

Wanafunga kituo cha mke wangu, naye amenitaka nikiokoe. Ameuliza kwa upole, anasema anauliza tu. Namjua. Akisema anauliza tu, ujue jambo limemkaa kooni. Basi nimeanza kazi, nimeshapata mtu wa kuipeleka hoja, na kila ninapoandika mstari nahisi naichimbia ndoa yangu shimo.

Namtaka arudi, dada. Nasema wazi kwako. Nimekuwa mtu wa kula nimesimama, sahani juu ya friji, kwa sababu nikikaa mezani kiti cha pili kinanitazama. Mama akishalala nyumba inakuwa kubwa mno. Kumfuata mlimani siwezi, kliniki ya mama iko huku na mama hapandi hata ngazi za posta. Ningeweza kutofanya chochote. Nikinyamaza tu mpaka Juni, mke wangu anarudi na lori, na hakuna wa kunilaumu.

Lakini mimi nitajua. Alinambia kazi hiyo ndiyo yeye. Nikimwacha apotelewe nayo ilhali kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nitakuwa nimepata mke aliyebaki nusu. Usimwambie neno. Akijua namtaka nyumbani, ataacha kwa huruma, na huruma siitaki.

Mdogo wako


4 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako imenikuta nashona sare za kwaya, nikajichoma sindano. Naona Mungu ameamua kunitania mwaka huu.

Nimeapa kwa kila mtu, kwa hiyo siwezi kusema lolote. Nakupa ushauri wa bure tu, wa dada mkubwa. Kabla hujaandika huo mstari wako wa pili, mwandikie mkeo barua fupi isiyo na kifungu wala mheshimiwa, umuulize: wewe unataka nini? Kisha unyamaze, usimjibie. Wewe una tabia ya kumjibia mtu hata kabla hajafungua mdomo. Tangu utotoni. Nilikuwa nikikuuliza kama umeshiba, unanieleza kwa nini sahani ni ndogo.

Mama mpe uji wa moto, si wa vuguvugu. Na ukae mezani ule kama binadamu.

Dada yako


Kituoni, 31 Machi

Mume wangu,

Barua yako nimeipata leo. Nimeisoma mara nyingi. Asante. Sikutegemea kwamba utalivalia njuga kiasi hicho.

Lakini usije ukakorofishana na wakubwa kwa ajili yangu. Waheshimiwa wakikataa, wamekataa, mimi sitakulaumu hata kidogo, nataka ulijue hilo. Kituo ni kidogo. Nyumba inavuja upande wa kitanda, nimekisogeza mpaka kimeziba mlango wa stoo, sasa nikitaka unga napita juu ya kitanda. Kwa hiyo unaona, si jambo la kufa na kupona.

Mvua zimeanza mapema. Maji yamegeuka rangi, yanabeba magogo. Dereva anasema barabara ya juu imeanza kumeguka na hajui kama mwezi ujao atafika. Redioni wenzangu wa vituo vingine wamesikia unachofanya, wanaulizana kama mume wangu ndiye mbunge. Nimewaambia wewe ndiye unayewawekea wabunge maneno mdomoni. Wamecheka wote, vituo vyote, na mimi nikacheka.

Najivunia wewe. Hilo ni kweli, hata kama mengine siyasemi.

Mkeo


Mjini, 18 Aprili

Mke wangu,

Kamati imekubali! Naandika nikiwa bado na tai.

Ngoja nikueleze nilichofanya, maana ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Kifungu chako kimeishi maisha mawili. Kilipotungwa zamani kilikuwa na fungu kamili. Baadaye wakakipunguza: fungu likabaki nusu, na muda wa mlinzi wa mto ukawa miaka miwili. Hicho cha nusu ndicho ulichokikuta wewe, ndiyo maana paa linavuja na king'ora ni kimoja. Ningeweza kukirudisha hicho cha nusu, na mwezi wa kumi na mbili muda wako ungekwisha, wakakuleta mjini, wakatafuta mwingine au wasitafute. Sikukirudisha hicho. Nimekirudisha cha kwanza, kizima, kama kilivyotungwa. Paa, redio mpya, king'ora cha pili.

Na kimekuja na aya yake ya tatu: mlinzi aliyepo kituoni siku kifungu kinapoanza kutumika atakishika kituo kwa miaka mitano, hahamishwi wala haachii. Waliiweka enzi hizo kwa sababu walinzi walikuwa wanaondolewa kila afisa akipata shemeji wa kuajiri. Mheshimiwa aliniuliza kama niikate hiyo aya, maana watu wa siku hizi hawapendi kufungwa. Ilikuwa kazi ya kalamu moja. Nilifikiria siku nzima, nikaiacha. Hakuna atakayekuondoa tena mahali unapopapenda.

Barua yako ya Machi imejaa unyenyekevu, eti si jambo la kufa na kupona. Nakujua, bibi wewe.

Wako,
Mkato


2 Mei

Kwa mdogo wangu na kwa wifi yangu, nakala mbili, nimeziandika zote kwa mkono na vidole vinauma.

Nimechoka kuwabebea gunia. Kila mmoja ameniapisha na kila mmoja ni mjinga, kwa hiyo leo navunja viapo vyote viwili na Mungu anisamehe, anajua hali yangu.

Wewe mwanamume: mkeo alifurahi kituo kilipofungwa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Lile swali lake lilikuwa la adabu tu. Anaongea na sufuria huko mlimani.

Wewe mwanamke: mumeo hataki kituo kiwepo. Anataka wewe uwepo. Anakula amesimama, sahani juu ya friji. Anaandika hiyo sheria huku moyo unamtoka, kwa kuwa ulimwambia jikoni kwamba kazi ndiyo wewe, naye maneno ya watu huyachukua yalivyo, ndiyo kazi yake.

Mdogo wangu, Bunge bado halijapiga kura. Kata hiyo aya yako ya miaka mitano uliyonisifia kwenye barua, mkeo apate kurudi. Wifi, andika barua ya kweli hata moja. Mmeoana, si mabalozi.

Dada yenu, wifi yenu


Mjini, 20 Mei

Mke wangu,

Sijui nianze vipi. Nimechana karatasi kadhaa. Mimi ambaye huandikia watu wengine siku nzima.

Barua ya dada imenifikia jana. Spika alikuwa ameiharakisha ratiba, na mswada ulikuwa umeshapita wiki iliyotangulia. Ulipita kwa sauti moja. Yule mheshimiwa alinipa mkono mbele ya watu, nikatabasamu. Sahihi imeshawekwa, umeshaanza kutumika. Miaka mitano ilianza kuhesabiwa siku ile, na niliyeiweka ni mimi.

Mbona hukuniambia? Nauliza, halafu najijibu, ona, dada ana haki. Mbona mimi sikukuambia? Nilijiona mwanamume mwema. Nilikuwa natembea kwenye korido za Bunge najisifu moyoni kwamba nakupenda kuliko ninavyojipenda, na kumbe nilikuwa nakufungia mlango kwa nje.

Sikiliza sasa. Kikao kingine kiko mwezi wa tisa. Nitaandika marekebisho ya marekebisho. Fungu libaki, paa libaki, aya ya tatu ifutwe. Watanicheka kwamba natengua kazi yangu mwenyewe hata wino haujakauka, na wacheke. Bila ile aya unaweza kuomba kuondoka siku hiyo hiyo. Mheshimiwa atakubali, nimemtengenezea jina, ananisikiliza. Niambie ndiyo tu. Neno moja linatosha.

Nimeanza kula mezani. Si kwamba ni bora.

Mumeo


Kituoni, 3 Julai

Mume wangu,

Lori limefika jana. Barabara ilikatika tangu Aprili, kwa hiyo barua yako ya kamati, ya wifi, na hii ya Mei zimefika kwa mkupuo mmoja. Nimezisoma kwa kufuata tarehe, nikajizuia kuruka. Kwenye ya kwanza nililia kwa hasira. Kwenye ya wifi nililia tena, si kwa hasira. Ya mwisho niliisoma nimesimama nje.

Kwamba kifungu kimerudi nilikuwa najua. Walinipongeza redioni, kituo baada ya kituo. Ila miaka mitano hakuna aliyeitaja. Nilikuwa nahesabu mpaka Desemba.

Sasa nikuambie la huku. Mwishoni mwa mwezi wa tano mto ulipanda. Mchana, watu wako mashambani. Nguzo ilimezwa nikiitazama, nikakimbia kupanda kwenye king'ora, na nilipokipiga sikujua kama kuna anayesikia, maana mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele nisizowahi kuzisikia. Niliendelea kupiga mpaka mkono ukafa ganzi. Nyumba zimekwenda, mashamba yamekwenda, hata lile daraja la miti. Mtu hata mmoja hakwenda.

Maji yalipopungua walipanda kuja kwangu kwa miguu, wamebeba unga, wakijua lori halifiki. Wao waliopoteza kila kitu wananiletea mimi unga. Mama mmoja alibaki nyuma. Alikaa kizingitini kwangu, mtoto mgongoni, mpaka jua likaanza kuzama, kisha akauliza: wewe bado upo? Nikamwambia nipo. Akauliza: na mwakani? Nikamwambia sijui. Akainamisha kichwa, akateremka.

Unajua kabla yangu mlinzi alikaa msimu mmoja. Kabla yake kulikuwa na kufuli. Hakuna mtu anayeomba kazi hii, mume wangu, tangazo limekaa ukutani ofisi ya maji mpaka limepauka. Wazee waliotunga ile aya hawakuiweka kwa sababu ya mashemeji tu. Walijua upweke wa hapa unavyomfanya mtu.

Kwa hiyo nakuandikia barua ya kweli, kama wifi alivyotaka. Nataka kurudi nyumbani. Nilitaka nilipokuuliza lile swali, nilitaka uliponijibu, nilitaka hata mkono wangu ukiwa kwenye king'ora. Sitaki mlima, sitaki redio mpya, nataka kukaa kile kiti cha pili nikuambie chumvi imezidi. Ulinipenda vibaya na mimi nilikupenda vibaya, na sikukasirikii tena, nimejaribu imeshindikana. Likizo yangu ipo, nitakuja, na nikija nitaondoka tena, na itatuuma kila mara. Mama mwambie wewe mwenyewe, taratibu, asije akasikia kwa majirani.

Lakini aya ya tatu usiiguse. Mwezi wa tisa ukifika kaa kimya, hata mheshimiwa akikubembeleza. Ukiifuta, nitateremka na lori la kwanza. Sitasubiri wa kunipokea kituo, wala sitageuka kumtazama yule mama. Najijua.

Usinifungulie mlango, mume wangu. Nitatoka.

Mkeo